Maswali ya Wasomaji: Kahawa ya Kuchuja Isiyofanana Siku Mbili Mfululizo

SWALI: Nina chujio la umbo la pia, karatasi za kuchujia, birika la kawaida na kijiko. Kila asubuhi hutia vijiko vitatu vya kahawa iliyosagwa, kisha humimina maji ya moto mpaka kikombe kijae. Juzi kahawa ilikuwa nyepesi na chachu, jana ilikuwa nzuri ajabu, leo ni chungu hadi nimeimwaga. Sibadilishi chochote. Je, kosa ni la kahawa, la chujio, au ni langu? Na ninunue lile birika lenye mdomo mrefu mwembamba ninaloliona kwenye picha?

JIBU: Naamini hukusudii kubadilisha chochote, ila kijiko hukubadilishia bila kukuuliza. Punje zilizokaangwa sana huvimba na kupoteza uzito motoni, kwa hiyo kijiko kimoja cha kahawa nyeusi huwa chepesi kuliko kijiko hichohicho cha kahawa iliyokaangwa kidogo. Kahawa iliyosagwa laini nayo hushindiliana ndani ya kijiko, na mkono wenye usingizi hauchoti sawasawa na mkono ulioamka. Niliwahi kupima vijiko vyangu vitatu mara kadhaa kwa mizani, nikapata gramu 13 mara moja na gramu 17 mara nyingine, ilhali kwa macho vilikuwa vilevile. Kwa gramu 250 za maji, kipimo cha kwanza ni gramu 1 ya kahawa kwa takriban gramu 19 za maji, na cha pili ni gramu 1 kwa chini kidogo ya gramu 15. Hizo ni kahawa mbili tofauti kabisa.

Kujaza kikombe nako si kipimo. Machicha ya kahawa hubaki na maji yapatayo mara mbili ya uzito wa kahawa yenyewe, na mengine huwa bado yanashuka wakati unapotazama kikombe; ukiacha kumimina pale kikombe kinapojaa, hujui ni maji kiasi gani yamepita kwenye kahawa yako. Ndiyo maana, kabla ya birika la pichani, ningekushauri utafute mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Weka kikombe na chujio juu yake, tia kahawa, rudisha mizani kwenye sifuri, kisha mimina huku ukisoma namba. Mililita 1 ya maji ina uzito wa gramu 1 hivi, kwa hiyo huhitaji chombo kingine cha kupimia.

Anza na gramu 15 za kahawa kwa gramu 250 za maji. Usagaji uwe wa wastani, chengachenga ambazo ukizisugua kati ya vidole utazihisi kama chumvi ya mezani au kubwa kidogo kuliko hiyo. Tandaza kahawa iwe bapa ndani ya chujio, anzisha saa ya simu, mimina gramu 30 tu za maji kwa namna ya kulowesha kahawa yote, kisha ngoja sekunde 30 hadi 45. Hapo utaona kahawa inaumuka kama donge lililotiwa hamira, na vipovu vinapasuka juu yake: ni hewa ya kaboni iliyonaswa ndani ya punje wakati wa kukaanga, nayo isipopewa nafasi ya kutoka huyasukuma maji pembeni yasiingie kwenye chengachenga. (Kahawa isiyoumuka hata kidogo imekaa muda mrefu tangu ikaangwe au isagwe, na hakuna ustadi wa kumimina utakaoirudishia harufu yake.) Baada ya hapo mimina polepole kwa mizunguko midogo hadi gramu 150, acha maji yashuke kidogo, kisha malizia hadi 250. Tone la mwisho lishuke kati ya dakika 2 na nusu na dakika 3 na nusu tangu ulipoanza.

Rudia hivyo siku tatu bila kugusa kitu, hata kama kahawa ya siku ya kwanza haikukupendeza. Lengo la siku hizo ni kupata kahawa inayofanana. Uzuri utaufuata baadaye. Ikishafanana, onja kwa makini. Maji yanapopita kwenye kahawa hutoa uchachu kwanza, utamu unafuata, na uchungu mzito huja nyuma. Kahawa yenye uchachu mkali, nyepesi, isiyobaki mdomoni, imetolewa nusu nusu, basi saga laini zaidi kidogo. Yenye uchungu unaokausha ulimi imetolewa kupita kiasi, basi saga chenga kubwa zaidi. Ikiwa ladha ni nzuri ila ni nzito mno au hafifu mno, hapo ndipo unapobadilisha uzito wa kahawa. Badilisha jambo moja tu kwa kikombe kimoja. Anayebadilisha usagaji, maji na kipimo kwa pamoja hatajua ni lipi lililomsaidia.

Kuhusu birika, mdomo mwembamba hurahisisha kazi, lakini si sharti. Mimina kutoka kimo cha chini, na kama birika lako linamwaga kwa kishindo, elekeza maji kwenye mgongo wa kijiko ulichokishika juu ya chujio, yatatawanyika bila kuchimba shimo katikati ya kahawa.

SWALI: Kwangu maji hukwama. Nasaga mwenyewe kwa mashine ndogo ya visu, na baada ya dakika 5 bado kuna dimbwi juu ya chujio. Mwishowe kahawa ni chungu na chachu kwa wakati mmoja. Inawezekanaje?

JIBU: Inawezekana, na mashine yako ndiyo inayofanya hivyo. Visu havisagi bali hukatakata ovyo, hivyo baadhi ya punje huwa vumbi na nyingine hubaki vipande vikubwa. Vumbi hutoa uchungu upesi na kuziba vitundu vya karatasi, huku vipande vikubwa vikiwa bado havijafika mbali zaidi ya uchachu. Tazama chujio baada ya maji kuisha: ukiona tope laini linalong'aa juu ya machicha, hilo ndilo vumbi lenyewe.

Kinu cha mkono chenye meno ya kusagia, ambacho hupitisha punje kwenye nafasi unayoipanga wewe, ndicho dawa ya kweli, na kama una uwezo wa kununua kifaa kimoja tu baada ya mizani, kiwe hicho. Kabla hujakipata, bonyeza mashine yako kwa vipindi vifupi vya sekunde mbili tatu, ukiitikisa kila baada ya kipindi ili vipande vikubwa virudi kwenye visu. Kisha pitisha kahawa kwenye chujio la chai lenye matundu madogo, na vumbi linaloanguka chini uliweke kando. Utapoteza gramu moja au mbili, kwa hiyo pima baada ya kuchekecha, si kabla. Usikoroge kahawa ndani ya chujio, kwa sababu kukoroga hushusha vumbi lililobaki hadi kwenye karatasi.

SWALI: Kuna ulazima wa kuosha karatasi kabla ya kutia kahawa? Na kitambaa hakifai?

JIBU: Mimina maji ya moto kwenye karatasi tupu, kisha yaonje mara moja tu maishani; ukishapata ile ladha ya boksi lililolowa hutauliza tena. Maji hayo pia hupasha chujio na kikombe joto. Kumbuka kuyamwaga, maana wengi huyasahau kikombeni. Kitambaa kinafaa sana, nacho hupitisha mafuta ya kahawa kuliko karatasi, hivyo kinywaji huwa kizito kidogo. Ila kioshwe kwa maji matupu bila sabuni na kisiachwe kikauke na mafuta yake, kwani hayo huvunda na kuiharibu kahawa ya kesho. Karatasi yenyewe, kwa taarifa tu, ni wazo la Melitta Bentz wa Dresden, Ujerumani, aliyelisajili mwaka 1908 baada ya kujaribu karatasi ya kukaushia wino ya daftari la mwanawe juu ya chombo alichokitoboa matundu.

SWALI: Nimeambiwa maji yanayochemka huunguza kahawa. Sina kipimajoto. Nifanyeje?

JIBU: Kahawa ilikwisha kupita kwenye moto wa zaidi ya nyuzi 200 za Selsiasi ilipokaangwa, kwa hiyo maji hayawezi kuiunguza. Yanachofanya ni kutoa ladha upesi zaidi. Kwa kahawa iliyokaangwa kidogo, mimina mara birika linapotulia baada ya kuchemka. Kwa iliyokaangwa hadi kuwa nyeusi, funua kifuniko ungoje dakika moja au mbili, kwani hiyo hutoa uchungu kwa urahisi. Wanaoishi kwenye miinuko hawana haja ya kungoja sana: maji huchemka kwa nyuzi 1 pungufu kwa kila mita 300 hivi za kupanda, kwa hiyo kwenye kimo cha mita 2,000 yanachemka yakiwa na takriban nyuzi 93, ambazo ndizo wengi wetu tunazitafuta.