Shokapu ya mbele kushoto ya vani yangu inavuja: nibadilishe moja au zote?

Mkuu, kwa hiyo vani yako badilisha zote mbili za mbele, hata kama inayovuja ni ya kushoto tu. Ukichanganya mpya na iliyochoka, gari linayumba kwenye kona na ukishika breki ghafla halitulii. Za nyuma zinaweza kusubiri, ila pitisha kiganja juu ya tairi: ukikuta limeliwa mabonde mabonde, nazo zimekwisha.

Ukifungua mwenyewe, nati ya katikati pale juu ya shokapu usiiguse kabla hujabana springi inayoizunguka kwa vibano vyake, kimoja kila upande. Springi ikifyatuka inaua, sitanii. Huna vibano vizima? Mpe fundi.

Ukiwa hapo, weka mpira wa juu na beringi mpya, maana kazi ya kufungua ni ileile. Bolti zinazopita kwenye bushi (mipira ya viungo) zikaze mwisho, gari likiwa limekanyaga chini. Wengi huzikaza magurudumu yakining'inia, kisha bushi inakaa imejipinda na kupasuka mapema. Halafu peleka alaimenti (magurudumu yanyooshwe), la sivyo tairi za mbele zitalika upande.