Maswali ya Wasomaji: Hoki ya Barafuni, Mbona Ugenini Tunafungwa?

SWALI: Timu yangu inacheza NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Amerika Kaskazini. Nyumbani ni moto wa kuotea mbali, lakini katika ziara iliyopita tumecheza michezo sita ugenini tukapoteza mitano. Kinachoniuma zaidi ni safu yetu ya kwanza, wale washambuliaji watatu bora wanaoingia pamoja: nyumbani inafunga karibu kila mchezo, ugenini haionekani kabisa. Hawa wachezaji hawajitumi wakiwa mbali na mashabiki wao?

JIBU: Kabla hujawaita wavivu, angalia mabenchi kila mwamuzi anapopuliza filimbi. Mchezo ukisimama, mgeni ndiye anayetangulia kubadilisha wachezaji, na ana sekunde tano tu. Kisha mwamuzi anainua mkono: mgeni hana ruhusa tena, na mwenyeji anapata sekunde nane zake. Kwa hiyo kocha wa nyumbani ameshaona nani yuko barafuni ndipo anachagua watu wake. Safu yenu ya kwanza ikiingia, anawaletea mabeki wake wawili wagumu na senta anayejua kukaba. Ikiingia safu yenu ya nne, iliyo dhaifu zaidi, anafungulia wafungaji wake. Jambo hilo linajirudia usiku kucha, na nyumbani kocha wenu anawafanyia wageni vilevile. Nyota wako ni yuleyule. Waliobadilika ni wanaosimama mbele yake.

Kocha wa ugenini hajafungwa mikono, ila lazima afanye kazi ya ziada. Njia ya kwanza ni kubadilisha watu mchezo ukiendelea. Anaanza na safu ya kukaba, mwenyeji anajibu kwa watu wake, kisahani (ndicho mpira wa hoki) kinapigwa hadi kona ya mbali, na mabeki wa mwenyeji wanapokikimbilia huko, safu ya kwanza inaruka ukuta na kuingia. Ni hila nzuri lakini ina hatari zake. Katika kipindi cha pili timu zinabadilishana magoli, benchi linakuwa mbali na goli lako, na anayetoka akichelewa hatua chache tu, wapinzani wanakuja wawili kwa mmoja. Wakijichanganya wakawa wachezaji sita barafuni badala ya watano, mbali na kipa, mwamuzi anawapa adhabu ya dakika mbili.

Njia ya pili mashabiki wengi hawaioni. Timu ikipiga kisahani kutoka nusu yake kikavuka mstari wa goli la mpinzani bila kuguswa, hiyo ni aisingi: kisahani kinarudishwa karibu na goli la timu iliyokipiga, na mwamuzi anakidondosha kati ya wachezaji wawili wakigombee. Tangu msimu wa 2005–06, timu iliyofanya kosa hilo hairuhusiwi kubadilisha wachezaji. Mwenyeji akifanya aisingi, kwa mara hiyo mgeni ndiye anayechagua, tena dhidi ya watu waliochoka. Hapo lazima uwaone nyota wenu wakiingia. Wasipoingia, mlaumu kocha, usiwalaumu wachezaji.

SWALI: Nimesikia kwamba hata kisahani kikidondoshwa mwenyeji anapendelewa. Ni kweli?

JIBU: Zamani zaidi ya sasa. Anayetangulia kuweka gongo chini ana hasara, kwa sababu mwenzake anaona limewekwaje kabla ya kuweka lake. Mgeni alikuwa akitangulia kila mahali, lakini kanuni ilibadilishwa kuanzia msimu wa 2015–16: sasa anatangulia yule anayelinda upande huo, awe mgeni au mwenyeji. Duara la katikati ya uwanja tu ndiko mgeni anakotangulia bado. Mwenyeji pia ndiye anayeamua kupiga wa kwanza au wa pili mkifika kwenye penalti. Hayo ni madogo. Usiyahesabu kuwa sababu ya kupoteza michezo mitano.

SWALI: Nitajuaje kama tatizo letu ni kocha, ratiba au wachezaji wenyewe? Rekodi yetu ya ugenini inasomeka 3-6-2.

JIBU: Anza na hesabu. Tarakimu hizo ni ushindi 3, kupoteza 6 ndani ya dakika 60, na kupoteza 2 katika muda wa nyongeza au penalti. Ushindi ni pointi 2, kupoteza baada ya dakika 60 ni pointi 1, kwa hiyo mna 8 kati ya 22 zilizokuwa zikigombewa. Ni mbaya, lakini rekodi peke yake haisemi kwa nini.

Chukua daftari, na kwa kila bao mlilofungwa ugenini andika: dakika, wachezaji wenu waliokuwa barafuni, na kama lilianzia kwenye kisahani kilichodondoshwa au mchezo ukiendelea. Juu ya ukurasa andika kama ulikuwa usiku wa pili mfululizo, na kipa alikuwa nani. Mabao ya goli tupu dakika za mwisho, kipa wenu akiwa ameshatolewa ili aingie mshambuliaji wa ziada, yaweke kando. Mchezo wa 4-2 wenye bao la namna hiyo ulikuwa 3-2, na shabiki asiyelitenganisha anaumia bure.

Baada ya michezo kumi, soma kurasa zako. Mabao yakirundikana kwa safu ya nne baada ya filimbi, kocha anazidiwa akili na mwenyeji. Dawa ni kugawa vipaji katika safu zote ili pasiwe na safu ya kuwindwa. Yakirundikana usiku wa pili, mara nyingi utakuta kipa wa akiba golini na timu iliyoruka na ndege usiku uleule. Ratiba ya magharibi nayo inakula watu: mchezo wa saa moja usiku Los Angeles unaanza saa nne usiku kwa saa za Boston. Denver iko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mgeni anayeng'ang'ania barafuni kwa dakika nzima badala ya sekunde 40 za kawaida anaishiwa pumzi mbele ya goli lake mwenyewe. Bali mkiwa mnatolewa kwa adhabu mara nne au tano kila mchezo kwa kukwatua na kushika, hapo wachezaji wana la kujibu.

SWALI: Tukifika mchujo wa kutafuta bingwa baada ya msimu wa kawaida na rekodi hii, si tumekwisha?

JIBU: Hapana. Wapo waliokuwa na hali mbaya kweli: Washington Capitals wa 1974–75 walishinda mchezo 1 tu kati ya 40 ya ugenini. Lakini Los Angeles Kings wa 2012 waliingia mchujo wakiwa wa nane katika kanda yao, wakashinda michezo 10 ya kwanza ya ugenini na kubeba kombe la Stanley, la bingwa wa NHL. St. Louis Blues nao walilitwaa ndani ya Boston kwa 4-1, katika mchezo wa saba wa fainali ya 2019.

Katika mchujo ni nadra kucheza siku mbili mfululizo, na mnakutana na mpinzani huyohuyo hadi mara saba, kwa hiyo kocha mgeni anapata muda wa kusoma nani analetwa dhidi ya nani. Mwenye nafasi ya juu anacheza nyumbani mchezo wa 1, 2, 5 na 7. Mkiwa chini yake, hata mkishinda yote ya kwenu ni mitatu tu, na wa nne lazima mkauchukue kwake.