Miche ya kabichi inaanguka kitaluni

SWALI: Nimesia kabichi nyuma ya nyumba mwezi huu wa Juni ili niwahi baridi ya kipupwe. Ziliota vizuri siku ya sita, lakini sasa miche inalegea shinani na kulala chini. Namwagilia asubuhi na jioni. Nakosea wapi?
Msomaji, Nkuhungu, Dodoma

JIBU: Pole sana, dada. Hicho ni kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaoozesha shina pale linapogusa udongo. Wakati wa baridi udongo hukawia kukauka, hivyo maji ya jioni hulala na miche usiku kucha. Acha kabisa ya jioni. Asubuhi nako, tia kidole kwanza; mwagilia ikiwa udongo wa juu umeanza kukauka. Ng'oa miche iliyoanguka pamoja na udongo wake, haiponi. Inayobaki ipunguze, iachane sentimita 3 hewa ipite.

Usisie tena hapo hapo. Inua tuta jipya la upana wa mita 1, kimo sentimita 15, uchanganye samadi iliyooza kabisa. Mistari iachane sentimita 15, mbegu zizame sentimita 1, funika kwa nyasi kavu. Nyasi hizo zitoe siku ile ile miche inapochomoza. Wengi hupoteza kitalu kwa kuzichelewesha.

Upepo wa Dodoma msimu huu hukausha majani machanga, kwa hiyo simika mabua ya mtama upande wa mashariki. Miche ikifikisha majani 4 au 5, ihamishe jua likipoa, sentimita 60 kati ya mistari na 45 kati ya miche.