Maswali ya Wasomaji: Dakika 38, 40 au 45?

SWALI: Ndugu mhariri, nikisoma habari za vita vya Unguja vya Agosti 27, 1896, kila kitabu kina muda wake: 38, 40, 45. Nishike upi? Na Seyyid Khalid aliuawa siku ile? – Msomaji, Tanga

JIBU: Waingereza walimpa Seyyid Khalid bin Barghash mpaka saa 3:00 asubuhi ashushe bendera na atoke kasri. Alikuwa ameingia humo siku mbili nyuma kujitwalia usultani, mara tu alipofariki Sultan Hamad bin Thuwaini, bila idhini ya balozi wao. Mizinga ilianza kupiga saa 3:02 na kunyamaza mnamo saa 3:40. Hizo ndizo dakika 38. Anayeanzia saa 3:00, amri ilipotoka, anapata 40. Mwisho wenyewe nao una utata: daftari za manowari hazilingani. St George iliandika saa 3:35, Thrush 3:40, Racoon 3:41, Philomel na Sparrow 3:45, na hapo ndipo zinapotoka zile 45. Basi andika "takriban dakika 40", au taja 38 na useme umeanzia risasi ya kwanza. Ukinakili kutoka vitabu vya Kiingereza, kumbuka kugeuza saa. Wengi huacha "saa 9:02", na msomaji akadhani ni alasiri.

Ufupi huo usitusahaulishe watu. Upande wa Khalid waliouawa na kujeruhiwa walikuwa kama 500. Waingereza walijeruhiwa baharia mmoja tu. Sehemu kubwa ya kasri ilikuwa ya mbao, na ndani mlijaa askari, watumishi na watumwa. Makombora yakaliangusha kasri na kuliwasha moto. Meli ya Sultani, Glasgow, iliijibu St George kwa mizinga yake ya zamani, ikazamishwa bandarini.

Khalid hakuuawa. Alikimbilia ubalozi wa Ujerumani, na Waingereza wakawa wanamngoja nje. Oktoba 2 maji yalipojaa, mashua ya manowari ya Kijerumani Seeadler ilifika hadi ukingo wa ubalozi, akapanda moja kwa moja bila kukanyaga ardhi ambako wangeweza kumkamata, akapelekwa Dar es Salaam. Waingereza walimkamata mwaka 1916, wakampeleka uhamishoni Shelisheli na Saint Helena. Baadaye aliruhusiwa kurudi Afrika Mashariki, akafariki Mombasa mwaka 1927.

SWALI: Nina picha ya zamani ya Forodhani isiyo na tarehe. Nitajuaje kama ni ya kabla ya vita? – Msomaji, Pemba

JIBU: Tazama mnara. Ukiwa umesimama peke yake mbele ya jumba la Beit al-Ajaib, upande wa bahari, picha ni ya kabla ya Agosti 27, 1896, kwani mnara ule uliharibiwa siku hiyo. Ukiwa umeungana na uso wa jengo, ni ya baada ya matengenezo ya 1897. Kagua pia ubavuni: jumba la jirani, Beit al-Hukm, lilibomoka siku hiyo, halikujengwa tena; ukiliona limesimama, picha ni ya kabla ya vita.