Kibete nyeupe kwa darubini ndogo? Inawezekana

Umeuliza kama darubini yenye mdomo wa upana wa sentimita 8 itakuonyesha nyota kibete nyeupe, yaani kiini kidogo kilichobaki baada ya nyota kama Jua kuishiwa na fueli. Itakuonyesha, ila achana kwanza na Sirius B, kibete nyeupe iliyo kando ya Sirius, nyota angavu kuliko zote usiku, maana mwanga wa Sirius yenyewe unaimeza. Tafuta 40 Eridani B, kibete nyeupe iliyo kando ya nyota iitwayo 40 Eridani A.

Jioni za Desemba na Januari anza na Rigel, nyota angavu ya kundi la Orion, kisha nyoosha mkono na upime ngumi moja na nusu kuelekea magharibi. Hapo kuna nyota hafifu ya ukubwa wa 4.4 (kipimo cha mng'ao: namba ikiwa kubwa, nyota ni hafifu zaidi), yenye rangi ya chungwa; hiyo ni 40 Eridani A. Weka kikuzio (lenzi ya kutazamia) cha nguvu ya kati, utaona kando yake kinukta cheupe cha ukubwa wa 9.5; hicho ndicho B. Nafasi kati yao ni pana, sekunde-tao 80 hivi (sekunde-tao 3600 ni digrii moja), kwa hiyo A haikusumbui.

Mwanaastronomia William Herschel alikiona kinukta hicho mwaka 1783 bila kujua ni nini. Kina zaidi ya nusu ya maada ya Jua, iliyobanwa kwenye tufe lisilozidi sana Dunia! Kiko umbali wa miaka ya nuru 16 tu. Ukipata darubini ya sentimita 15, tazama ubavuni mwake: kuna kibete chekundu pia, yaani nyota ndogo, hafifu, yenye rangi nyekundu.