Maswali ya Wasomaji: Hayawani ni mnyama yupi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu wa darasa la sita aliandika katika insha yake kwamba Hifadhi ya Serengeti ina hayawani wengi. Mwalimu alilikata neno hilo kwa wino mwekundu, akaandika juu yake "wanyamapori", na pembeni akaongeza kuwa hayawani ni tusi. Babu yake anashikilia kuwa hayawani ni mnyama yeyote asiyefugwa. Naomba mtueleze maana na asili ya neno hili.
Msomaji, Mbagala, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, mwalimu amesahihisha vyema, ingawa sababu aliyoitoa ni fupi mno, na babu naye ameshika nusu tu ya jambo. Hayawani tumelipata kutoka Kiarabu, na huko halimhusu mnyama wa porini peke yake: ng'ombe aliye zizini na chui aliye mlimani wote ni hayawani. Shina lake linahusu uhai, na ndilo lililotupa pia maneno hai na hayati. Katika Kurani, Sura ya Al-Ankabut, aya ya 64, neno hilohilo limetumika kwa maana ya maisha yenyewe, pale nyumba ya Akhera inapotajwa kuwa ndiyo maisha ya kweli. Kwa mnyama asiyefugika Waarabu wana neno jingine, wahshi, ambalo wingi wake, wuhushi, unapatikana katika Sura ya At-Takwir, aya ya 5.

Basi tusi limetoka wapi? Wanazuoni wa mantiki walioandika kwa Kiarabu walimweleza mwanadamu kuwa ni hayawani natiki, yaani kiumbe hai mwenye kunena na kufikiri. Kwa maelezo hayo, anayemwita mwenzake hayawani bila kuongeza neno la pili amemvua akili na kumwachia pumzi tu. Nionavyo mimi, hapo ndipo ukali wa neno ulipo, wala haukutokana na meno au makucha ya mnyama yeyote. Bahaimu, neno jingine lenye asili ya Kiarabu, limepita njia hiyohiyo hadi likawa la kumkashifu mpumbavu.

Isitoshe, Kiswahili hakikuwa na pengo la kujazwa. Mnyama ni neno letu la Kibantu, lenye shina moja na nyama tunayoila, na ndugu zake wamo katika lugha nyingi hadi kusini mwa bara, kama inyama ya Wazulu. Kwa kuwa kazi ya kutaja viumbe ilikuwa tayari na mwenyewe, hayawani lilielekea zaidi kwenye lawama. Tofauti hiyo huonekana wazi hapa Dar es Salaam siku ya mechi: mashabiki wa Simba, klabu iliyopewa jina hilo mwaka 1971, huiita timu yao Mnyama kwa fahari kubwa, lakini hutamsikia hata mmoja wao akiiita Hayawani. Mnyama anaweza kusifiwa kwa nguvu zake, ilhali hayawani, na hasa mahayawani kwa wingi, hubeba dharau.

Kuhusu kutofugwa, Kiswahili hukutaja kwa mahali anapoishi kiumbe. Mwitu ni msitu, na pori ni nyika isiyokaliwa na watu. Ndiyo maana tunasema mbwa mwitu, ambaye ni spishi ya peke yake na wala si mbwa wa nyumbani aliyetoroka. Wanyamapori ndilo neno lililokubalika katika shughuli rasmi, na limo hata katika jina la Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Tena halibagui wakali na wapole, kwa maana swala ni mnyamapori sawasawa na simba.

Kwa hiyo mwanao aandike kwamba Hifadhi ya Serengeti ina wanyamapori wengi. Hayawani asilifute katika daftari lake la msamiati, bali aandike mbele yake maana zote mbili, ya kiumbe hai na ya mtu asiye na utu, kwa sababu atakutana nazo zote katika maandishi ya Kiswahili.