Goti na ganzi ya vidole: nianze na usukani au siti?

Swali: Shikamoo fundi. Naishi Uyole, nina miaka 41. Nilinunua baiskeli ya mbio ya mtumba Mwanjelwa, fremu ya chuma namba 58. Mbele ina meno 52 na 42, nyuma gia saba, kubwa ina meno 23. Jumamosi naenda nayo hadi Kiwira na kurudi. Nikianza kupanda kurudi Isongole, goti la kulia linauma kwa mbele, chini kidogo ya pia ya goti (kile kifupa cha duara cha mbele). Nikifika nyumbani kidole cha mwisho na cha pete vina ganzi mikono yote miwili, hata kufunga vifungo vya shati ni kazi, na shingo imekakamaa. Rafiki mmoja anasema niinue usukani, mwingine anasema nisogeze siti mbele. Urefu wangu ni sentimita 172. Siti nimeiteremsha ili miguu ifike chini nikisimama, na pua yake nimeiinamisha kwa sababu ilikuwa inanibana. Nianze wapi?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Usukani uache kwanza ulivyo, na siti usiisogeze mbele hata kidogo. Huyo rafiki wa pili atakuongezea tatizo badala ya kukupunguzia. Ukiacha shingo, ambayo ina mambo yake, yote uliyoyataja yanaanzia pale unapokalia.

Tuanze na goti. Kwa mwendesha baiskeli, goti linalouma kwa mbele mara nyingi lina sababu mbili: siti iko chini mno, au gia ni nzito mno. Wewe unazo zote mbili. Siti ikiwa chini, goti linakuwa bado limekunjika sana wakati msuli wa paja unasukuma kwa nguvu, na pia ya goti inakandamizwa kwenye mfupa wa paja kila unapozungusha. Kwenye tambarare mwili unavumilia. Kwenye mlima mrefu, ukiwa umekaa na gia nzito, hauvumilii. Lingekuwa linauma kwa nyuma ningekwambia kinyume chake, kwamba siti iko juu mno au imerudi nyuma sana.

Hilo la kutaka miguu ifike chini ukiwa umekaa liache leo. Ni sawa kwa baiskeli ya kubebea viazi, siyo kwa hii. Ukisimama na baiskeli ya mbio unateremka mbele ya siti, unailaza baiskeli upande mmoja kidogo na kuweka mguu mmoja chini. Siti inabaki nyuma yako.

Sasa pima. Vua viatu, egemea ukuta, miguu iachane kidogo. Bana kitabu chenye jalada gumu katikati ya mapaja, ukipandishe mpaka kikukandamize kama siti inavyokukandamiza, ukingo wake ukiwa umegusa ukuta. Mtu aweke alama ya penseli juu ya kitabu, kisha upime kutoka sakafuni. Namba utakayopata izidishe kwa 0.883. Hesabu hii ilienezwa na Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mwaka 1986, 1989 na 1990, aliyeipata kwa kocha wake Mfaransa, Cyrille Guimard. Tuseme umepata sentimita 80: jibu ni 70.6. Huo ndio urefu kutoka katikati ya ekseli inayobeba mikono ya pedeli hadi juu ya siti, ukifuata mstari wa bomba la siti.

Kabla hujalegeza bolti yoyote, pima siti yako ilivyo sasa na uandike. Nitashangaa ikizidi 68.

Usiipandishe yote kwa mara moja. Panda nusu sentimita, endesha safari mbili, panda tena. Misuli ya nyuma ya paja imezoea kufanya kazi ikiwa fupi, na ukiishtua utahamisha maumivu kutoka mbele ya goti kwenda nyuma. Ukikaribia 70 acha kuamini namba, amini mguu. Shikilia ukuta, kaa kwenye siti ukiwa na viatu vyako vya kuendeshea, weka kisigino kwenye pedeli na uzungushe kinyumenyume. Pedeli ikifika chini kabisa goti linyooke bila kisigino kuachana na pedeli. Ukirudisha sasa sehemu pana ya unyayo kwenye pedeli, goti litabaki na mkunjo mdogo, nyuzi kati ya 25 na 35, na huo ndio unaoutaka. Kisha mtu akufuate kwa nyuma barabarani aangalie mshono wa nyuma wa kaptula yako. Ukiwa unakwenda kushoto na kulia kila unapokanyaga, nyonga zinatafuta pedeli, maana yake umepitiliza. Rudisha chini milimita tano.

Neno moja kuhusu nguzo ya siti. Kwenye fremu za chuma za zamani nguzo huwa ya alumini, na mvua zetu zikiingia humo kwa miaka, vyuma hivyo viwili vinagandana. Ikigoma, usiipige nyundo wala kuizungusha kwa spana ya bomba. Weka mafuta ya kupenya yakae usiku kucha. Ikitoka, isafishe na uipake grisi kabla ya kuirudisha. Kuna alama imechongwa kwenye nguzo inayoonyesha mwisho wa kuivuta, na alama hiyo isionekane nje ya fremu.

Vidole sasa. Kidole cha mwisho na cha pete vinahudumiwa na mshipa mmoja wa fahamu, unaoingia kiganjani upande wa kidole kidogo, juu ya ile nyama unayoiegemeza kwenye usukani. Ganzi ingekuwa ya dole gumba na kidole cha shahada ningeshuku mshipa mwingine, ule unaopita katikati ya kifundo cha mkono. Wako unakandamizwa kwa sababu mikono inabeba uzito usiokuwa wake. Umeinamisha pua ya siti, kwa hiyo mwili unateleza mbele muda wote, na kitu pekee kinachouzuia ni viganja. Kwenye mteremko wa kwenda Kiwira, baiskeli yenyewe ikiwa imeinama, unakuwa umesimama kwa mikono.

Chukua pimamaji (simu nyingi zinayo), isimamishe baiskeli mahali tambarare, laza ubao mdogo juu ya siti na uisawazishe. Nyuzi moja au mbili kwenda chini nakuruhusu, zaidi ya hapo hapana. Najua utaniambia itakubana tena. Ilikubana kwa sababu ulikuwa unakalia pua. Fremu yako ni ndefu, usukani uko mbali, ukiufuata unajikuta umesogea kwenye sehemu nyembamba ya siti badala ya kukalia mifupa miwili ya makalio kule nyuma ambako ni pana. Tutalitibu kwa shingo ya usukani, kile kipande kinachounganisha usukani na fremu. Na kama siti yenyewe ni ile laini kama mto, ibadilishe. Godoro linazama, mifupa inazama nalo, na katikati panapanda kukubana zaidi.

Kuhusu mbele na nyuma ya siti, tengeneza timazi kwa uzi na nati. Mikono ya pedeli ilale sawa na ardhi, mguu wa mbele ukanyage kwa sehemu pana ya unyayo, uzi uteremke kutoka chini kidogo ya pia ya goti. Ukipita kwenye ekseli ya pedeli au nyuma yake kidogo, uko pazuri pa kuanzia. Wapo mafundi wanaoifanya timazi hii kuwa sheria. Mimi naitumia kujua tu kama mtu yuko mbali sana na pale anapopaswa kuwa. Ukirudisha siti nyuma sentimita moja, iteremshe kama milimita tatu, kwa sababu kuirudisha nyuma kumeiweka mbali zaidi na pedeli. Ndiyo maana nimekukataza kuisogeza mbele ili kuufikia usukani: goti linapita mbele ya pedeli na uzito unaangukia mikononi, na hayo ndiyo unayoyalalamikia.

Kuna kitu ambacho vitabu vya nchi za tambarare hukipita haraka, na kwa sisi wa huku ni nusu ya tiba: gia. Meno 42 mbele na 23 nyuma, kwa gurudumu lako, kila mzunguko wa pedeli unakusogeza karibu mita 3.8. Ukipanda Isongole kwa kilomita 9 kwa saa, unazungusha mara 39 kwa dakika. Goti lolote litalia. Ili uzungushe angalau mara 70 ungetakiwa upande kwa kilomita 16 kwa saa, na huko ni kwa wenye mapafu ya mashindano. Unaweza kuipanga siti kwa milimita na bado goti likauma kwa sababu hii peke yake.

Dawa ya bei nafuu ni friwili, yaani ule mkusanyiko wa gia za nyuma. Kama yako ni ile ya kufungwa kwa hesi (nyuzi kama za skrubu) kwenye haba, yaani kitovu cha gurudumu, tafuta ya gia saba yenye meno 14 hadi 28, ni ya kawaida madukani. Kasi ileile ya kilomita 9 utazungusha karibu mara 48. Haijatosha, lakini goti litaona tofauti. Hakikisha kwanza kibadilisha gia cha nyuma kinaifikia 28, na pengine cheni itahitaji kuongezwa pingili. Ukija kupata seti ya mbele yenye meno 50 na 34 utafika mara 59 kwa dakika, na hapo ndipo mlima unapandika. Usidanganywe kwamba meno 34 yanaweza kufungwa kwenye mikono uliyonayo. Kama ina duara la bolti (lile zinapopita bolti za kufungia gia) la milimita 130, kama zilivyo nyingi za 52 na 42, gia ndogo kuliko zote inayokubali ni ya meno 38.

Na funika magoti unaposhuka. Asubuhi ya Juni pale Isongole unaijua, halafu unateremka na kaptula, magoti yanapoa, na mara tu unapogeuka unayadai nguvu zote.

Tumebaki na shingo. Baiskeli nyingi za mtumba zinatoka nchi ambazo watu wake ni warefu, na fremu 58 ni ya mtu wa sentimita 180 na ushee. Wewe ungefaa 53 au 54. Bomba lake la juu linakuzidi kwa sentimita mbili hadi tatu, kwa hiyo unajinyoosha, mabega yanapanda, na kichwa kinainuliwa kwa nguvu ili uone mbele. Siti ikishapanda na kusawazishwa, endesha wiki mbili. Shingo yako ikiendelea kukakamaa, ndipo uguse usukani: weka shingo ya usukani iliyo fupi zaidi, ya sentimita 8 au 9 badala ya 11 au 12. Usukani utakuwa mwepesi kugeuka, kwa hiyo uzoee kwenye tambarare kabla ya kuteremka nao. Ikiwa yako ni ile ya kizamani inayozama ndani ya fremu, unaweza pia kuiinua, lakini nayo ina alama ya mwisho. Ukiipita, siku moja utabaki na usukani mkononi. Na kama unavaa kepu chini ya helmeti, igeuze au uivue. Ile ncha inakulazimisha kuinua kichwa zaidi bila wewe kujua.

Upepo wa tairi pia upunguze. Kama ni pana milimita 28 na una kilo 70 hivi, 75 au 80 psi inatosha. Wengi wanajaza mpaka tairi linakuwa jiwe, na kila tuta linafika kiganjani.

Ganzi ikibaki hadi kesho yake, au mkono ukianza kukosa nguvu ya kushika, au goti likivimba au kuuma ukiwa umelala, acha baiskeli uende hospitali uonane na mtaalamu wa fiziotherapia. Spana haitibu hayo.

Kabla hujanunua shingo ya usukani, pima unene wa usukani pale katikati unapobanwa. Wa zamani huwa milimita 25.4 au 26, mpya ni 31.8, na hauingiliani. Niandikie namba hiyo, urefu wa siti uliofikia, na kama shingo yako ni ya kuzama au ya kubana kwa nje, nikwambie ipi utafute.